Kilio cha Corinne Jikoni kwa Exilda

Exilda Dubé alizaliwa mtoto wa tisa katika nyumba ya wakulima wa viazi, upande wetu wa Mto Saint John, ule wa Marekani, mahali ambapo ukisimama shambani unaona moshi wa majiko ya Kanada. Alisoma mpaka akaweza kuandika barua, kisha akatolewa shule kwenda kuokota viazi na kulea wadogo zake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viganja vikubwa kuliko umbo lake, na maneno yake yalikuwa machache. Ukimuuliza habari za mwaka, alikujibu habari za viazi.

Aliolewa na Clovis Dubé kabla hajatimiza miaka ishirini. Clovis alikuwa mchapakazi, hilo hakuna aliyelikataa. Mashine zake hazikulala nje kwenye theluji, na pombe hakuigusa. Ila alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga. Watoto wake waliijua hali yake kwa jinsi alivyopanda ngazi za mlangoni: akizikanyaga kwa kishindo, kila mmoja alitafuta kazi ya kushika. Exilda alizaa naye mabinti wawili, ambao waliondoka mapema kwenda kufanya kazi viwandani Connecticut wakawa hawarudi ila kwenye mazishi, na mvulana mmoja, Renaud, kitinda mimba, aliyebaki na shamba. Clovis alikufa ghafla, mwezi wa Juni, akiwa juu ya trekta. Exilda alivaa nguo nyeusi mwaka mzima kama ilivyo desturi, na hakuwahi kusikika akimsema marehemu, kwa wema wala kwa ubaya.

Renaud alimwoa Lorette, binti wa mwenye karakana, akamleta nyumbani kwa mama yake. Nyumba ilikuwa kubwa, na majira ya baridi hapa kwetu hayakubali watu kukaa mbalimbali bila sababu. Wakaishi watatu, wakaelewana vya kutosha. Kisha akazaliwa Corinne.

Renaud alikuwa ameapa kwamba hatamchapa mtoto wake. Alisema hivyo mbele ya padri siku ya ubatizo, bila kuulizwa, na watu wakatazamana. Alitimiza kiapo hicho. Hakumgusa hata kwa kidole. Badala yake alifoka. Sauti yake ilifika barabarani, na jirani mmoja alizoea kusema, "Renaud anamwita binti yake, au ndege imeanguka?" Akishafoka, moyo ulimsuta, akambeba Corinne begani na kumpa lile alilokuwa amemnyima.

Lorette naye alifanya kazi kwenye mashine ya kupanga viazi, akisimama kutwa. Asubuhi alikuwa mkali, jioni alikuwa amechoka. Lililokatazwa Jumatatu liliruhusiwa Jumanne kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma.

Na Exilda alikuwa na mfuko wa aproni. Ndani ya mfuko huo zilikaa pipi za sukari ya mepo, ile itokayo kwenye utomvu wa mti. Corinne alipoanza kulia, kabla hata machozi hayajatoka, mkono wa bibi ulikuwa umeshaingia mfukoni.

Alipofika miaka minne, Corinne alikuwa mtoto ambaye wenyeji walifunga milango wakimwona anakuja. Aliuma. Alirusha vitu. Akinyimwa kitu alijitupa chini na kupiga sakafu kwa visigino mpaka vyombo vikatikisika kabatini. Chekechea ya kwanza ilimkataa baada ya majuma machache. Ya pili ilimvumilia mpaka alipomng'ata mwalimu kwenye paja.

"Ana akili nyingi tu," Exilda alisema. "Watoto wenye akili ndivyo walivyo."

"Mama," Lorette alimjibu, "kama kuuma ni akili, basi mbwa wa jirani Pelletier ni daktari."

Jambo lililowatikisa lilitokea katika ukumbi wa kanisa, Jumamosi ya mlo wa maharage. Kijiji kizima kilikuwepo. Meza zilipangwa kwa safu, vyungu vya maharage vikitoa mvuke, na kila familia imeleta ploye, vile vibibi vyetu vya njano vinavyopikwa upande mmoja. Corinne alitaka kukaa kiti cha pembeni. Kiti hicho kilikuwa kimekaliwa na Mireille, mtoto wa dada yake Lorette, mwenye miaka mitatu.

"Toka," Corinne alisema.

"Sitoki."

Corinne alichukua upawa wa chuma kwenye chungu cha maharage na kumpiga nao Mireille usoni. Ulimpata juu ya jicho. Ukasikika ukelele wa mama yake Mireille. Damu ilichanganyika na mchuzi wa maharage, watu hawakujua kipi ni kipi. Renaud alifoka jina la binti yake kwa sauti iliyofanya mzee mmoja aangushe kikombe. Corinne alianza kulia, na Exilda, mbele ya macho ya kijiji kizima, akaingiza mkono mfukoni na kumpa pipi.

"Umeona?" mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, bila kupunguza sauti. "Mwenye jicho lililopasuka hajapewa hata kitambaa. Mpigaji amepewa pipi."

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," mwenzake akajibu, akijipakulia maharage.

Mireille alishonwa. Jicho lilipona, kovu likabaki kwenye unyusi. Dada yake Lorette hakuja tena nyumbani kwao msimu wote wa theluji.

Kesho yake baada ya misa ugomvi uliwaka nyumbani.

"Hii ni damu ya akina Dubé," Lorette alisema. "Kwetu hakuna mtu wa namna hii."

"Kwenu!" Renaud alicheka kwa hasira. "Baba yako alimrushia mteja spana!"

"Mteja alikataa kulipa! Mireille alikataa nini? Kuhama kiti?"

"Kama ungekuwa unamkataza kitu kikakatazika, tusingefika huku."

"Nami nikimkataza, wewe unafoka halafu unamwomba radhi, na mama yako anamlisha sukari. Nyumba ina wakubwa watatu, na anayeitawala hajui kufunga kamba za viatu!"

Corinne alikuwa chini ya meza wakati wote huo, akimvuta paka mkia. Paka alipolia hakuna aliyegeuka.

Muuguzi aliyemshona Mireille ndiye aliyewapelekea mtu. Alikuja mwanamke aitwaye Yvette Theriault, kutoka ofisi inayoshughulikia watoto wadogo, mtu wa bondeni hapa hapa, aliyesoma mjini akarudi. Alivua buti mlangoni, akaomba kiti, akakiweka pembeni ya jiko. Alisema angependa kukaa tu, wao waendelee na mambo yao.

Exilda alichukia tangu alipomwona akivua buti. "Nimelea wangu watatu," alisema akigeuza ploye. "Hakuna aliyekuja kukaa jikoni kwangu kunitazama."

"Najua, mama," Yvette alisema. "Nami mama yangu angenitimua. Vumilia kidogo."

Haikuchukua muda. Chakula kilikuwa karibu, Corinne akataka pipi. Lorette akasema hapana. Corinne akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Lorette akasema hapana, na safari hii hakumtazama. Corinne akajitupa chini. Renaud akaingia kutoka nje na buti zenye theluji, akafoka. Corinne akapiga kelele kumpita baba yake. Lorette akamgeukia Renaud, "Usimfokee!" na Renaud akamgeukia Lorette, "Basi mnyamazishe wewe!" Wakati wawili hao wanatazamana, mkono wa Exilda ulitoka mfukoni, ukashuka chini ya usawa wa meza. Kimya. Corinne alikuwa ananyonya pipi.

Yvette alingoja wamalize kula. Kisha aliuliza swali moja. "Mtoto akilia, nani kati yenu anashindwa kwanza?"

Wakubwa wote watatu walianza kujibu kwa pamoja. Corinne, aliyekuwa anachora kwa kidole kwenye sharubati iliyomwagika mezani, akawatangulia.

"Bibi," alisema. "Halafu baba. Mama ni wa mwisho, lakini akiwa amechoka ni wa kwanza."

Renaud alicheka kabla hajajizuia. Exilda aliinuka akaenda kuosha vyombo.

Yvette aliwaeleza kwa maneno ya kawaida. Alisema mtoto hana pepo wala damu mbaya. Wapo watoto wanaozaliwa wakali kuliko wengine, na Corinne ni mmoja wao, lakini mtoto kama huyo ndiye anayehitaji zaidi neno lisilobadilika. Kilio chake kimekuwa kazi yenye malipo. Kila mara anapokizidisha, analipwa, na kila mara wanapomlipa, wanamfundisha kukizidisha. Na akiona wakubwa wanashindana kwa kelele, anajua kelele ndiyo lugha ya nyumba. Aliwataka wafanye mambo machache: wakubaliane watatu yapi yanakatazwa, na yawe machache, likikatazwa likatazike, baba asifoke, asogee karibu aseme taratibu, kila siku mmoja wao acheze naye kidogo bila kumwamrisha, na akifanya jema, aambiwe.

"Aambiwe nini?" Renaud aliuliza.

"Kwamba amefanya jema."

Renaud alimtazama kama mtu aliyeambiwa aimbe barabarani. Katika nyumba ya akina Dubé, ukifanya kazi vizuri, hukufokewa. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa.

Walikubali, kasoro mmoja. Exilda hakubisha wala hakuitikia. Pipi ziliendelea. Lorette alikuta karatasi zake chini ya mto wa mtoto, nyuma ya jiko, ndani ya buti. Mwishowe alimkabili mama mkwe wake asubuhi moja wakimenya viazi, Renaud yuko ghalani, mtoto amelala.

"Mama, mimi sikuelewi. Unataka tukataliwe na shule pia?"

"Sitaki alie."

"Watoto wote hulia."

"Najua wanavyolia," Exilda alisema. Aliendelea kumenya. Kisha, bila kubadilisha sauti, akasema jambo ambalo Lorette hakulitegemea. "Renaud alikuwa hivi hivi. Hakukuambia kwa sababu hajui. Aliuma. Alimrushia dada yake gogo la kuni. Clovis akasema atamnyoosha. Alikuwa akimfungia ghalani, kule chini, kwenye viazi, taa imezimwa. Mtoto wa miaka minne."

Lorette aliweka kisu chini.

"Ghala limechimbwa kilimani, sauti haitoki sana. Lakini mimi niliisikia, kwa sababu nilijua ipo. Nilikuwa nimesimama hapa hapa, kwenye sinki hii. Namenya viazi. Ningeenda kumtoa, ingekuwa vita. Sikwenda. Alilia mpaka akachoka. Akitolewa alikuwa mpole siku nzima, na Clovis akasema, umeona? Halafu siku ya pili anauma tena."

"Ulimwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Kila mtu alikuwa na ghala lake."

Lorette alikichukua kisu chake tena. Alikumbuka kwamba mume wake, mtu mzima mwenye mwili kama mlango, hakuwahi kuingia ghala la viazi bila kuegemeza pipa mlangoni lisije likafunga. Alidhani ni desturi ya wakulima.

Alimwambia Renaud siku hiyo hiyo, nje, karibu na rundo la kuni. Renaud alisikiliza mpaka mwisho. Alisema hakumbuki kitu. Kisha akapasua kuni nyingi kuliko zilizohitajika, akaingia ndani, akaketi mezani mkabala na mama yake. Walikunywa chai. Alipoinuka, alimshika mama yake bega, na hilo halikuwa jambo la kila siku.

Yvette alipokuja tena, ni Exilda aliyeanza. Alimwambia habari ile kwa ufupi, kama anayetaja dawa aliyowahi kunywa. Yvette akamjibu, "Mama, yule alikuwa peke yake gizani, na hakuna aliyekuwa upande wake. Huyu atalia akiwa na nyinyi watatu, jikoni, taa inawaka, na akimaliza kuna chakula. Hicho si kilio kile."

"Masikio yangu hayajui tofauti," Exilda alisema.

"Yatajifunza. Ila mara ya kwanza itakuwa ngumu, na atazidisha. Hilo nakuonya."

Mara ya kwanza ilikuwa ngumu. Corinne aliomba pipi kabla ya chakula, akaambiwa atapata baada ya kula. Akalia. Akapiga sakafu. Lorette aliendelea kupanga sahani. Renaud, mishipa ya shingo imemtoka, alishuka akachuchumaa karibu naye na kusema kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo, "Baada ya kula, binti yangu." Corinne alishangaa kiasi cha kunyamaza kidogo. Kisha akaanza upya, kwa nguvu mpya, na akageukia pale alipojua pana ufa.

"Bibi! Bibi hunipendi! Bibi mbaya!"

Exilda alikuwa amekalia viganja vyake. Hayo si maneno ya kupamba: alikuwa ameviweka chini ya mapaja kwenye kiti. Machozi yalimshuka yakadondoka kwenye aproni, na hakuweza kuyafuta kwa sababu hakuthubutu kutoa mikono.

"Nakupenda," alisema. "Kaa ule."

Kilio kilipanda, kikashuka, kikapanda tena, kikawa kwikwi. Mwishowe Corinne aliinuka kutoka sakafuni, nywele zimemganda usoni, akapanda kitini na kuuliza kama kuna siagi. Akala ploye mbili. Akapewa pipi yake. Lorette akamwambia, "Umekaa vizuri mezani," na Corinne akamtazama kwa mashaka, kama vile ameitwa kwa jina la mtu mwingine.

Haikunyooka kama mstari. Exilda alishikwa na pipi mkononi mara mbili baada ya hapo, na mara ya pili ni Corinne mwenyewe aliyemchongea: "Bibi, bado hatujala!" Renaud alifoka tena siku trekta lilipokwama, akatoka nje, akarudi, akaomba radhi bila kutoa kitu. Kusifu ndiko kulikowashinda zaidi. Walisifu kama watu wanaosema lugha ya ugenini. "Umevua buti... vizuri," Renaud alisema siku moja, na Lorette akacheka mpaka akashika meza. "Sema sasa na mimi nimepika vizuri," alimwambia. Renaud akakuna kichwa. "Umepika," alisema, "nami nimekula." Lakini baadaye alijaribu tena, na akafanikiwa.

Mchezo nao ulikuwa na vituko vyake. Exilda hakuwahi kucheza na mtoto maisha yake yote, alilea tu. Corinne alimfanya awe ng'ombe, na ng'ombe huyo alitakiwa kutotoa maziwa kwa ukaidi. Lorette alirudi kutoka kazini akamkuta mama mkwe wake kwa magoti kwenye zulia, akisema "Sitoi," na Corinne akimwelekeza kwa upole mkubwa, kidole juu, "Ng'ombe, baada ya kula."

Majira ya kuchipua, barafu ya mto ilipokatika, Lorette alimpeleka Corinne kwa dada yake. Hawakujua kama watafunguliwa mlango. Walifunguliwa. Corinne alitazama kovu kwenye unyusi wa Mireille.

"Linauma?"

"Hapana."

"Mimi ndiye niliyekupiga."

"Najua," Mireille alisema. "Unataka kuona sungura?"

Wakaenda kuona sungura. Dada wawili walibaki jikoni, wakaanza kuzungumzia bei ya mbegu.

Corinne alianza shule. Mwaka wa kwanza alirudishwa nyumbani mara moja kwa kumpiga teke mwenzake, na mwaka wa pili hakurudishwa. Alibaki kuwa mtoto wa hasira za karibu, na mpaka leo ni mtu usiyemwingilia njia bila kufikiri. Renaud na Lorette hawakuacha kugombana, wala hakuna aliyetarajia. Walizoea kwenda kugombania kwenye banda la trekta. Majirani waliwasikia bado, lakini walisema siku hizi kuna sauti mbili tu.

Yvette alimwomba Exilda aje kuzungumza na akina mama vijana katika ukumbi wa kanisa, ule ule wa maharage. Alikataa mara nyingi, kisha akaenda. Alisimama mbele, amevaa koti lake la misa, akasema jina lake, kana kwamba kuna asiyemjua. Aliwaambia kwamba alikuwa na mtoto aliyefungiwa ghalani na yeye akamenya viazi, na kwamba baadaye alimpa mjukuu wake pipi ili yeye mwenyewe asimsikie mtoto yule. Alikaa. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hapa kwetu makofi ni ya harusi. Mama mmoja kijana aliinuka akaenda kukaa karibu naye, na baada ya mkutano walionekana wakizungumza muda mrefu kwenye baraza, pumzi zao zikitoka nyeupe.

Exilda alifariki mwezi wa Februari, Corinne akiwa na miaka kumi na miwili. Ardhi ilikuwa imeganda, ikabidi jeneza lisubiri katika kijumba cha makaburini mpaka Mei, kama ilivyo kwa wote wanaokufa wakati wa baridi. Mabinti wa Connecticut walikuja. Mkubwa wao alimtazama Corinne akiwagawia wageni kahawa, akamuuliza Renaud kama huyo ndiye yule mtoto waliyesimuliwa habari zake kwenye simu.

"Ndiye," Renaud alisema.

"Amefanana na wewe sana."

"Ndivyo mama alivyosema," Renaud alijibu, akaenda kumsaidia binti yake kubeba sinia.